Darasa Lililofungwa Mapazia

Newala haijazoea milango inayofungwa mchana. Mtu akifunga mlango jua likiwa juu, ama anaumwa, ama ana mgeni ambaye majirani hawatakiwi kumwona. Kwa hiyo Sijaona alipokodi ukumbi nyuma ya soko, akatundika mapazia mazito ya kahawia, akawaingiza humo wanaume na wanawake waliovaa vizuri, kisha akatia komeo, mji ulimaliza kesi yake kabla hajaandika neno la kwanza ubaoni.

Wengine walisema ni upatu wa mtandaoni. Wengine wakasema ni dini mpya. Mama mmoja muuza ming'oko, vile viazi vya porini, aliyetandaza biashara yake karibu na ule mlango, aliapa kwamba kila anayeingia hunyang'anywa simu na simu ikatumbukizwa ndani ya tenga. Hilo, kwa bahati mbaya, lilikuwa kweli. Tenga lenyewe lilikuwa la kubebea korosho, na simu zilipoanza kuita humo kwa pamoja kelele zilifika hadi kwa wauza nguo.

Mimi ninayesimulia sikutia saini popote, basi nitakudokeza. Kampuni moja ya Dar es Salaam, ikiitwa Mbegu Tatu, ilikuwa imetengeneza programu ya simu. Karani wa chama cha msingi cha wakulima akiielekeza kwenye korosho, inamwambia daraja lake na unyevu wake kabla mnunuzi hajapata nafasi ya kukunja uso na kusema mzigo ni mbovu. Programu haikuwa imetoka bado. Walitaka makarani waizoee kwanza kimyakimya, maana mjanja akijua mapema inavyopima, atajua mapema namna ya kuidanganya. Mwalimu waliyemchagua alikuwa Sijaona, binti wa kijiji cha Mnyambe, mwenye sauti ya upole na kichwa kigumu. Alitia saini mkataba wa kutunza siri, kwamba hatamwambia mtu yeyote anachofundisha mpaka siku ya uzinduzi. Mchumba naye alihesabiwa humo humo kwenye mtu yeyote.

Na mchumba ndiye aliyekuwa amesimama nje adhuhuri ile, kofia ya pikipiki mkononi, vumbi la njia ya Masasi limemkaa mpaka kwenye kope.

Sijaona alimwona kupitia upenyo wa pazia. Moyo ulimruka kwa furaha kwanza, kama ulivyozoea kila akimwona Khalfan, halafu ukakumbuka hali halisi na kutulia kwa woga.

"Fortunatus," alimwambia karani mmoja aliyetoka Lukuledi, "endelea na wenzako pale tulipoishia. Narudi sasa hivi."

Alitoka, akauvuta mlango nyuma yake. Khalfan aliutazama mlango ukifungwa, na uso wake nao ukafungika.

"Umekuja bila kupiga simu," Sijaona alisema.

"Nimepiga mpaka nimechoka. Simu yako si iko kwenye tenga?"

Siku nyingine wangecheka. Khalfan alikuwa na kicheko kilichoanzia machoni, na kwa kicheko hicho Sijaona alikuwa ameingia dukani kwake Masasi kununua bawaba za mlango akatoka bila bawaba na bila moyo wake. Leo macho yale yalikuwa makavu.

"Nakuuliza jambo moja tu, Sijaona. Mle ndani mnafanya nini?"

"Nafundisha."

"Unafundisha nini?"

"Siwezi kukuambia."

"Hata mimi?"

"Hata wewe, hata mama yangu mzazi. Nimetia saini, Khalfan. Uzinduzi ukifika utakuwa wa kwanza kujua, nitakueleza mpaka uchoke."

"Na yule bwana wa gari jeupe? Naye umemtilia saini?"

Neno lile lilimchoma. 

"Dickson ni msimamizi wangu. Ana mke wake na watoto wake. Anakuja kukagua darasa, anaondoka."

"Anakagua nini?"

Sijaona akanyamaza. Kunyamaza kwake kulikuwa ndilo jibu pekee aliloruhusiwa kutoa, na alijua kabisa jinsi lilivyosikika masikioni mwa mwanamume mwenye wivu.

"Unaona?" Khalfan alisema kwa sauti ya chini. "Masasi wananicheka. Wateja wanakuja dukani hawanunui hata msumari, wanakuja kuniuliza habari za mchumba wangu. Sasa sikiliza. Mjomba Ashiru amesema Ijumaa baada ya swala uje nyumbani, ukae mbele yake na mbele ya mama, ueleze kazi yako. Ukieleza, barua ya posa inaandikwa jioni hiyo hiyo. Usipoeleza, ameshapata binti mwingine, nesi, kule Ndanda. Wameshazungumza na wakubwa zake."

Upepo wa Newala ulikuwa wa baridi kama kawaida yake, lakini Sijaona alihisi masikio yakimwaka.

"Na wewe ulisema nini?"

"Mjomba ndiye mwenye neno. Unajua kwetu."

Alijua. Kwao Mnyambe mambo yalikuwa hayo hayo. Mjomba ndiye anayeoza na ndiye anayeposa, baba hubaki kukohoa tu pembeni.

"Sikukuuliza habari za mjomba. Nimeuliza wewe ulisema nini."

Khalfan aliigeuzageuza kofia mikononi. "Nilisema mtu hamfichi ampendaye."

"Basi hujui kupenda ni nini," Sijaona alisema, na machozi yakawahi kuliko maneno mengine aliyokuwa nayo. "Ngoja angalau nikupe maji ya kunywa."

"Sina kiu," alijibu, na midomo yake imekauka mpaka imepasuka. Akapanda pikipiki, akaondoka bila kugeuka. Muuza ming'oko aliinama haraka akijifanya anapanga mafungu.

Sijaona aliporudi ndani makarani wote walikuwa wameinamia kazi kwa bidii ya watu waliosikia kila neno. Alishika chaki, ikamvunjikia. Winfrida, karani wa makamo aliyekaa mstari wa mbele, akainua mkono.

"Mwalimu, samahani. Mimi mume wangu kaninunia tangu tuanze. Chakula anakula, lakini haniangalii. Nikimwambia ni mafunzo, ananiuliza ya nini, nanyamaza." Akashusha mkono. "Sasa wewe ukimwambia wako, na mimi nimwambie wangu?"

Hakuna aliyecheka. Sijaona aliwatazama wote, watu wazima wenye majumba yao, kila mmoja amebeba manung'uniko ya nyumbani kwa ajili ya siri aliyoitilia saini mbele yake.

"Hapana, Winfrida," alisema. "Hatumwambii mtu."

Hata hivyo mapenzi si jiwe. Alasiri alimpigia Dickson, akambembeleza. Amruhusu tu awaambie watu wawili, mjomba na mama wa Khalfan, watu wazima, wataapa.

"Dada Sijaona, siwezi," Dickson alijibu, na sauti yake ilikuwa ya huruma kweli. "Nikikuruhusu wewe, kesho naruhusu wote. Halafu huyo mjomba unayemtaja, si ndiye Ashiru wa maghala? Mnunuzi mkubwa wa korosho?"

Sijaona hakuwa amelifikiria hilo. Alipokata simu alilifikiria sana, na kadiri alivyofikiria ndivyo Ijumaa ilivyozidi kumtisha.

Ijumaa ikafika, maana siku mbaya haina uvivu. Sijaona alivaa gauni la rangi ya zambarau na ushungi mweupe, akajipaka wanja kidogo ili macho yasionekane yamelia. Alishuka Masasi mchana. Ile milima ya mawe inayouzunguka mji ilikuwa inameremeta kwa jua, na kila jiwe aliliona kama mkwe aliyekunja uso.

Nyumbani kwa akina Khalfan palikuwa nyuma ya duka, sebule pana yenye mkeka mpya. Mama Khalfan alikuwa ameketi kitako, mgongo umenyooka. Masasi nzima ilimheshimu mama huyu. Alikuwa kungwi. Misimu na misimu mabinti waliingia kwake kwa unyago wakitafuna kucha, wakatoka wakitembea taratibu, na alichowafundisha humo ndani hakuna mwanamume aliyewahi kukisikia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," alijibu, wala hakuongeza mwanangu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, marahaba binti! Karibu sana. Kaa hapa, kaa karibu." Mjomba Ashiru alikuwa mtu mnene, msafi, mwenye sauti inayolainika kila anapotaka kitu. Leo ilikuwa laini sana.

Khalfan alikaa karibu na mlango. Alimtazama Sijaona mara moja tu, na katika mtazamo ule Sijaona aliona kwamba hakulala vizuri tangu Newala. Akatamani kumshika mkono. Akashika pindo la ushungi wake.

Chai ililetwa na muhogo wa kuchemsha. Mjomba alikula kwanza, akajifuta vidole, ndipo akaanza.

"Binti, sisi hatuna ubaya. Sisi tunataka kuoa. Lakini mtu haoi sanduku lililofungwa, anataka kujua kilichomo. Watu wanasema mengi. Mimi nawaambia hapana, yule ni mtoto wa watu, kazi yake ya heshima. Sasa nisaidie, niwape jibu gani?"

"Waambie ni kazi ya halali, mjomba. Haina haramu wala aibu. Siku si nyingi kila mtu ataijua."

"Kila mtu ataijua! Basi sisi tukijua leo kuna ubaya gani? Sisi ni ndugu. Ndugu hawafichani."

"Nimetoa ahadi kwa maandishi, mjomba. Sina ruhusa."

Mjomba aliweka kikombe chini. Sauti ikazidi utamu. "Basi usiseme. Mimi nitasema, wewe tikisa kichwa tu. Naona wanafunzi wako wote ni makarani wa vyama. Kwa hiyo ni mambo ya korosho. Sivyo?"

Sijaona hakutikisa kichwa.

"Ni mambo ya kupima? Daraja? Unyevu?" Alikuwa amesogea mbele kidogo kidogo mpaka magoti yake yakatoka kwenye mkeka. "Hicho chombo kinaona ndani ya gunia au juu tu? Korosho zikianikwa jua moja tu, hazijakauka, kinajua? Hilo tu binti, hilo tu, halafu naandika barua sasa hivi, mbele yako."

Jamani, kutikisa kichwa ni kazi ndogo. Hakuna sauti inayotoka, hakuna shahidi. Sijaona alimtazama Khalfan, mtu anayemtaka kuliko alivyowahi kutaka kitu, akaona kwamba kichwa kikishuka na kupanda mara moja tu angekuwa wake. Akamwona pia Winfrida, na yule mume anayekula bila kumwangalia.

"Mjomba, nisamehe," alisema. "Sitasema ndiyo, wala sitasema hapana. Ukinikalisha hapa mpaka magharibi nitakujibu hivyo hivyo."

Utamu ukamtoka mjomba mara moja. "Basi tumemaliza. Khalfan, kesho tunakwenda Ndanda. Yule nesi ni binti mwenye adabu, ukimuuliza anajibu."

"Mwoe wewe, mjomba."

Wote waligeuka. Khalfan alikuwa amesimama. 

"Umesemaje?"

"Nimesema nesi mwoe wewe. Mimi nilikwenda Newala nikamuuliza huyu maswali haya haya, nikamtia uchungu, nikaondoka. Leo nimekusikiliza unavyouliza, nikaona haya. Sitaki kujua anafundisha nini. Mtu anayeweza kunikosa mimi ili asivunje ahadi, siku akiniahidi mimi nitalala usingizi. Namtaka huyu."

"Khalfan! Keti chini!" Sauti ilikuwa ya mama yake, na hakuna mtu Masasi aliyewahi kuisikia sauti ile akabaki amesimama. Khalfan aliketi. Mama Khalfan akageuka polepole kumwelekea Sijaona.

"Binti, nami nina swali langu. Mimi korosho sina haja nazo. Nataka kujua mke gani anakwenda asubuhi anarudi jioni, mumewe akiuliza ulikuwa unafanya nini, ananyamaza. Hiyo ni ndoa ya namna gani?"

 Jibu lilikuwa limeshamfika Sijaona kwenye ulimi, na lilikuwa jibu la hatari, la kumtoa mtu ndani ya nyumba kwa aibu. Akapiga magoti, akainamisha kichwa, akalisema.

"Mama, kwa heshima yote. Msimu uliopita mabinti walikaa humu ndani na wewe, milango imefungwa. Uliwafundisha nini?"

Mjomba Ashiru nusura apaliwe na muhogo. "We binti! Una wazimu? Mambo ya unyago yanatajwa mbele ya wanaume?"

"Hayatajwi, mjomba," Sijaona alisema bila kuinua kichwa. "Najua. Mimi mwenyewe nilichezwa kwetu Mnyambe, nikafundishwa, na sijasema mpaka leo. Namuuliza mama tu, marehemu Baba Khalfan aliwahi kukuuliza?"

 Nje dukani mtu aliuliza bei ya rangi, hakujibiwa.

"Aliniuliza," Mama Khalfan alisema mwishowe. Haikuwa sauti ya kungwi tena. "Mwaka wa kwanza wa ndoa. Alinuna, akahamia kwa mama yake."

"Ukamwambia?"

"Thubutu!"

"Ikawaje?"

"Akarudi." Pembe ya mdomo ya mama ilicheza kidogo. "Njaa ilimrudisha. Hakuuliza tena mpaka anaingia kaburini." Akamtazama Sijaona kwa muda, safari hii akimtazama kweli, kuanzia ushungi mpaka magotini. "Ulikula kiapo?"

"Nilitia saini, mama, mbele ya mashahidi."

"Na hao unaowafundisha?"

"Nao wametia saini. Wengine majumbani mwao hawasemezwi kwa sababu hiyo. Kazi nitapata nyingine, mama. Lakini nikitoa neno mimi niliyewafunga midomo, nitarudi vipi kusimama mbele yao?"

"Huwezi," Mama Khalfan alisema. "Kungwi akiropoka, mwali hana la kushika." Akamgeukia mdogo wake. "Ashiru."

"Naam, dada."

"Hayo maswali ya gunia na jua moja, ulikuwa unamuulizia mwanangu au maghala yako?"

"Dada, mimi kama mjomba..."

"Nimekuuliza."

Mjomba Ashiru, mwenye neno la mwisho kwa kila posa ya ukoo, alitazama dari, akatazama chai, akakosa pa kutazama pengine. Neno la mwisho ni la mjomba, lakini mjomba naye ana dada mkubwa aliyembeba mgongoni na kumpangusa makamasi, na huyo hajawahi kusahau.

"Ulitaka kumtia mtoto wa watu majaribuni ndani ya nyumba yangu," Mama Khalfan aliendelea, "ukataka kumnunua kwa ndoa yake mwenyewe. Naye akakushinda. Mimi natafuta wasichana wa namna hii kila msimu, wa kuwaachia kazi yangu nikizeeka, siwapati. Wote wanavuja. Huyu kaja mwenyewe mpaka mlangoni, wewe unataka kunipeleka Ndanda!"

"Dada, mimi sikukataa kabisa..."

"Basi andika."

"Niandike nini?"

"Barua ya posa! Au na hiyo mpaka dada yako akushike mkono?"

Sijaona alikuwa bado amepiga magoti. Hakuwa na uhakika amesikia sawasawa mpaka alipoinua macho akamwona Khalfan. Kile kicheko kilikuwa kimerudi, kimeanzia pale pale machoni, na machozi yakikifuata nyuma.

"Nimekukosea," Khalfan alisema mbele ya wote, na mwanamume wa Masasi kusema hivyo mbele ya mjomba wake si jambo dogo. "Nisamehe, Sijaona."

"Nimekusamehe," alisema. "Lakini sikuambii."

"Usiniambie. Ukiniambia nitakuogopa."

Mama Khalfan aliinuka, akamshika Sijaona mkono, akamwinua. "Njoo ndani, mwanangu."

Waliingia chumbani na mlango ukafungwa. Wanaume wawili walibaki kwenye mkeka. Kutoka chumbani ilisikika sauti ya mama ikinong'ona kwa muda mrefu, ikifuatiwa na sauti ya Sijaona ikiuliza kitu, na mara wanawake wote wawili wakaangua kicheko cha kuishiwa pumzi. Kabla kicheko hakijaisha, Mama Khalfan alipiga kigelegele. Kilikuwa kigelegele cha mtu aliyezoea kuongoza ngoma, kikavuka ua, jirani akakidaka, mwingine wa mtaa wa pili akakipokea kutoka kwake, na dakika haikupita wanawake wa mtaa mzima wakawa wanashangilia jambo wasilolijua.

Mlango ulipofunguliwa Sijaona alitoka amefungwa kanga mpya ya mama mkwe kiunoni, mashavu yamewaka, akitazama chini kwa tabasamu lisilozuilika.

Khalfan alimtazama yeye, akamtazama mama yake. "Mama, mlikuwa mnaongea nini humo ndani?"

Mama Khalfan alimwangalia Sijaona. Sijaona naye akamwangalia Mama Khalfan.

"Kamtafutie mjomba wako kalamu," mama alisema.